Kwa nini lori la dizeli hugoma katika baridi kali, na namna ya kuitunza injini yake

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Moto wake hutokana na mbano peke yake: pistoni huisukuma hewa iliyoingia ndani ya silinda mpaka ibaki katika nafasi iliyo ndogo mara 15 hadi 18 kuliko ile ya mwanzo, hewa hiyo hupata joto linaloweza kufika nyuzi 500 za Selsiasi au zaidi, kisha nozeli hunyunyiza dizeli ndani yake, na dizeli, ambayo huweza kuwaka yenyewe katika joto la nyuzi mia mbili na kitu, hushika moto papo hapo. Rudolf Diesel alifanikiwa kuendesha injini ya aina hiyo mwaka 1897, na ingawa pampu, nozeli na vifaa vya umeme vimebadilika sana tangu wakati huo, kanuni yenyewe imebaki ile ile. Kwa hiyo lori linapogoma katika baridi kali, jambo la kwanza la kuuliza ni joto kiasi gani linapatikana ndani ya silinda, na ni kitu gani kinachoiba sehemu yake.

Baridi huiba joto hilo kwa njia tatu kwa pamoja. Kwanza, hewa inayoingia ni baridi tangu mwanzo, na upungufu huo hukua ndani ya silinda, kwani kila nyuzi moja inayopungua katika hewa ya kuingia huwa nyuzi mbili au zaidi zinazopungua mwishoni mwa mbano. Pili, kuta za silinda, pistoni na silinda hedi ni vyuma vikubwa vilivyolala usiku kucha kwenye baridi, navyo hunyonya joto la hewa mara tu inapoanza kubanwa. Tatu, injini huzunguka polepole kwa sababu oili imekuwa nzito na betri imelegea, na pistoni inayopanda polepole huipa hewa muda wa kuvuja kupitia kwenye ringi za pistoni na muda wa kuyapa vyuma joto lake. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito zaidi, maana injini moja, katika baridi ile ile, huwaka kwa betri nzuri na kugoma kwa betri dhaifu.

Moshi mweupe unaotoka kwenye ekzosi wakati stata inapozunguka ni dizeli iliyofika ndani ya silinda, ikageuka kuwa ukungu na kutoka bila kuungua. Kwa kiasi fulani moshi huo ni habari njema, kwa kuwa unathibitisha kwamba mafuta yanafika na kinachokosekana ni joto. Pasipokuwa na moshi wowote, tatizo mara nyingi liko nyuma zaidi, kwenye njia ya mafuta. Tofauti hiyo ni ya msingi, lakini madereva wengi husema tu kwamba dizeli imeganda, hata pale ambapo dizeli ni salama kabisa na kilichoshindwa ni betri. Ndani ya lori moja la kisasa kuna vimiminika visivyopungua vitano ambavyo baridi huvigusa, yaani dizeli, oili, kulanti (kimiminika cha kupoza injini), maji ya betri na mchanganyiko wa yurea (wa kusafisha moshi wa ekzosi), na kila kimoja kina kiwango chake cha joto ambacho kikifikiwa hubadilika tabia. Anayevijua viwango hivyo hufanya karibu kazi yote jioni, kabla ya baridi ya usiku kuingia, kwa sababu mengi ya makosa haya hayarekebishiki kirahisi alfajiri.

Tuanze na dizeli, kwa kuwa ndiyo yenye mkanganyiko mkubwa zaidi. Dizeli ya kawaida ina nta iliyoyeyuka ndani yake, na nta hiyo ina faida, maana huungua vizuri na kutoa nguvu nyingi. Joto likishuka, nta huanza kujitenga kwa chembe ndogo ndogo, na mafuta yaliyokuwa angavu huonekana kama yaliyoingiwa na ukungu. Hicho ni kiwango cha kwanza. Joto likishuka zaidi, chembe hizo huungana na kuwa vipande vya kutosha kuziba chujio, na hicho ndicho kiwango cha pili, ambacho ndicho chenye maana kubwa kwa dereva, kwa sababu tanki linaweza kuwa limejaa mafuta yanayotikisika kabisa huku injini ikifa kwa njaa. Kiwango cha tatu, ambapo mafuta hushikana na kukataa kumiminika, huja baadaye kabisa. Kwa hiyo kufungua kifuniko cha tanki, kuchungulia na kusema kwamba mafuta hayajaganda hakuthibitishi lolote. Mahali pa kuangalia ni chujio.

Hali hiyo huelezea pia kisa kinachowashangaza wengi, cha lori linalowaka vizuri asubuhi, likaondoka, kisha baada ya kilomita chache likaanza kukosa nguvu na kuzimika barabarani. Mafuta yaliyokuwa tayari kwenye mabomba na ndani ya chujio yalitosha kuwasha injini, lakini pampu ilipoanza kuvuta mafuta baridi kutoka kwenye tanki lililokuwa likipigwa na upepo, nta ilijikusanya kwenye chujio mpaka mafuta yakashindwa kupita. Injini za malori hurudisha kwenye tanki sehemu ya mafuta yaliyopashwa joto, na jambo hilo husaidia, ila huchukua muda mrefu kulipasha tanki kubwa, na upepo wa mwendo hulipoza kwa kasi.

Watengenezaji wa mafuta hulijua tatizo hili na hubadilisha mchanganyiko kulingana na majira. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 590 huigawa dizeli katika madaraja kwa kufuata joto ambalo chujio huanza kuziba: daraja A ni nyuzi 5 juu ya sifuri, daraja F ni nyuzi -20, na kwa nchi zenye baridi kali zaidi yapo madaraja mengine yanayoshuka hadi nyuzi -44. Katika Amerika ya Kaskazini hutumika dizeli namba 2, na wakati wa baridi huchanganywa na dizeli namba 1, ambayo ina nta kidogo, inastahimili baridi zaidi, lakini hutoa nguvu pungufu kidogo kwa kila lita. Hatari kubwa humpata dereva anayejaza matanki yote katika eneo la joto kisha akapanda kuelekea kwenye baridi, kwa sababu amebeba mamia ya lita za mafuta ya kiangazi. Ni heri aingie eneo la baridi akiwa na mafuta machache na kujaza huko, ambako mafuta yanayouzwa yameandaliwa kwa hali ya huko. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya mimea au ya wanyama yahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa mengi ya mafuta hayo huanza kuganda mapema kuliko dizeli ya kawaida.

Zipo dawa za kutia kwenye tanki ili kuzuia mgando, nazo hufanya kazi, mradi zieleweke. Dawa hizo haziiyeyushi nta. Kazi yake ni kuzibadilisha umbo chembe za nta wakati zinapozaliwa, ili zibaki ndogo na ziweze kupita kwenye chujio. Kwa hiyo lazima zitiwe wakati mafuta bado yana joto, na vizuri zaidi zitangulie kuingia kabla ya kujaza ili zichanganyike, kwani ukitia dawa hiyo kwenye tanki ambalo tayari lina ukungu wa nta, umechelewa. Mazoea ya kuchanganya petroli ndani ya dizeli yaachwe kabisa. Petroli hufanya mvuke wa tanki uwe rahisi kulipuka, hufanya mafuta yagome kuwaka kwa mbano, na huondoa ulaini unaolinda pampu na nozeli, ambazo katika mifumo ya leo hufanya kazi kwa shinikizo linaloweza kuzidi bari 2,000 na hutegemea dizeli yenyewe kama oili yake. Kuwasha moto chini ya tanki ili kuyeyusha mafuta kumeteketeza malori na kujeruhi watu, na hakuna haraka ya safari inayostahili kuufanya.

Maji ndani ya dizeli ni adui mwingine anayefanana na nta kwa dalili. Tanki lililoachwa nusu tupu hujaa hewa yenye unyevu, usiku ukiingia unyevu huo hugeuka matone ya maji kwenye kuta na kudondoka chini, na hapo pampu huyavuta maji mpaka kwenye kitenganisha maji, ambako hugeuka barafu na kufunga njia. Kinga yake ni rahisi: jaza tanki jioni badala ya asubuhi, na fungua koki ya kitenganisha maji kila siku, injini ikiwa bado ya moto, mpaka itoke dizeli tupu. Beba chujio moja au mawili ya akiba pamoja na spana yake. Chujio lililokwisha kuziba kwa nta hubadilishwa kwa dakika chache. Kulisubiri liyeyuke kando ya barabara huweza kuchukua siku nzima.

Kuhusu oili, maandishi ya kwenye galoni husomwa vibaya na wengi. Katika oili ya 15W-40, namba ya kwanza pamoja na herufi W huelezea tabia ya oili ikiwa baridi, na namba ya pili huelezea mnato wake injini ikiwa imepata joto la kazi. Namba 15 si kipimo cha nyuzi za joto. Katika kanuni ya kupima mnato wa oili iitwayo SAE J300, oili ya 15W hupimwa kama bado inaruhusu injini kuzungushwa katika nyuzi -20, ya 10W katika nyuzi -25, ya 5W katika nyuzi -30 na ya 0W katika nyuzi -35. Hapo ndipo unapoona kwamba 15W-40, ambayo imezoeleka sana katika malori, inafaa kabisa kwa baridi ya wastani lakini huwa mzigo kwa stata pale usiku unapofika nyuzi -25. Jambo lingine baya zaidi ni kwamba oili nzito huchelewa kufika juu, kwenye beringi za tabochaja na kwenye vali, na katika sekunde hizo vyuma husuguana vikiwa karibu vikavu. Kuhamia 5W-40 kwa majira ya baridi, ikiwa kitabu cha injini kinaruhusu, ni gharama ndogo ukilinganisha na uchakavu unaoepukwa.

Betri hupata pigo mara mbili. Katika nyuzi -18, betri ya risasi na asidi iliyochajiwa vizuri hutoa takriban nusu tu ya uwezo wake, na wakati huo huo injini yenye oili nzito hudai nguvu nyingi kuliko siku zote. Namba ya ampea za baridi iliyoandikwa kwenye betri, kwa kipimo cha Marekani, hueleza ampea ambazo betri mpya ya volti 12 huweza kutoa kwa sekunde 30 katika nyuzi hizo hizo -18 bila volti kushuka chini ya 7.2. Hiyo ni ahadi ya betri mpya, na ya zamani huwa chini yake sana. Betri iliyojaa chaji haiko hatarini kuganda, kwani asidi yake hustahimili zaidi ya nyuzi -50, lakini iliyoisha chaji maji yake hukaribia kuwa maji ya kawaida na huweza kuganda kwenye nyuzi -10 au hata kabla. Betri iliyoganda isichajiwe wala isiunganishwe na ya gari jingine, kwa sababu inaweza kulipuka. Iondolewe ipashwe polepole ndani ya chumba, na ikionyesha ufa itupwe. Katika malori ya volti 24, betri mbili zimefungwa kwa mfuatano, na moja ikichoka huidhoofisha nyenzake, hivyo hubadilishwa zote mbili kwa pamoja. Vichwa vya betri vilivyoota ukungu mweupe au kijani huweza kuzuia umeme kiasi cha kuifanya betri nzima ionekane mbovu, na kuvisafisha ni kazi ya robo saa.

Kulanti ni suala fupi zaidi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na hakuna bloku ya injini inayoweza kuyazuia. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu ethilini glaikoli hustahimili hadi karibu nyuzi -37. Wapo wanaodhani kwamba glaikoli tupu italinda zaidi, kumbe ikiwa peke yake huganda kwenye nyuzi -13 hivi, na pia hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Kulanti ipimwe kwa kifaa cha kuonyesha kiwango cha glaikoli, maana rangi haisemi chochote, na aina mbili zenye kemikali tofauti zisichanganywe. Thamostati, yaani vali inayodhibiti mzunguko wa kulanti, nayo ikaguliwe: iliyokwama ikiwa wazi hufanya injini isifikie kamwe joto lake la kazi, na dereva huona tu kwamba kabini haipati joto na mafuta yanaisha upesi.

Kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote ni hita ya bloku, ambayo huchomekwa kwenye umeme na kuipasha kulanti ndani ya injini. Kwa lori huwa na nguvu ya wati 1,000 hadi 1,500, na saa 2 hadi 4 kabla ya kuondoka hutosha katika baridi nyingi, kwa hiyo saa ya kujiwashia yenyewe huokoa umeme wa usiku mzima. Injini iliyopashwa huzunguka kwa wepesi, huibana hewa upesi, hupata joto la kuwaka, na oili yake hufika juu mapema. Yaani hita moja hupunguza sana makali ya sababu mbili kati ya zile tatu nilizotaja mwanzoni, vyuma baridi na mzunguko wa polepole. Pasipo umeme wa kuchomeka, hita ndogo inayochoma dizeli ya lori lenyewe hufanya kazi hiyo hiyo.

Wakati wa kuwasha, subiri taa ya hita plagi (kifaa cha umeme kinachopasha joto ndani ya silinda) izimike kabla ya kupiga stata. Injini kubwa nyingi hazina hita plagi ndani ya silinda, bali zina gridi ya umeme inayopasha hewa kwenye njia ya kuingilia, na nayo huhitaji kusubiriwa vivyo hivyo. Etha ya kupuliza isitumike kamwe kwenye injini yenye vifaa hivyo, kwa kuwa hukutana na waya wenye moto na kulipuka ndani ya njia ya hewa, na hata kwenye injini isiyo navyo huwaka mapema mno na kuvunja ringi au pistoni. Usipige stata kwa zaidi ya sekunde 30 kwa mara moja, kisha iache ipoe dakika 2. Injini ikiwaka, angalia shinikizo la oili. Lisipopanda ndani ya sekunde 15 hivi, zima mara moja. Usikanyage pedali ya mafuta. Iache dakika 3 hadi 5, kisha ondoka kwa mwendo mpole bila kuibebesha mzigo mzito mpaka kipimo cha joto kipande.

Kuiacha injini ikinguruma saa nzima huku lori limesimama, kwa imani kwamba inapata joto, ni desturi ninayoipinga waziwazi. Injini ya dizeli isiyo na mzigo huchoma mafuta kidogo mno katika hewa nyingi, kwa hiyo silinda hubaki baridi, na mafuta yasiyoungua huosha utando wa oili kwenye kuta, hushuka hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuipunguzia oili mnato wake, huku masizi yakijikusanya kwenye chujio la ekzosi. Lori kubwa likiwa hivyo huteketeza karibu lita 3 kwa saa. Ikibidi dereva alale ndani ya kabini, hita ndogo ya dizeli humpa joto kwa sehemu ndogo tu ya mafuta hayo. Kufunika rejeta kwa turubai husaidia katika baridi ya kupindukia, lakini katikati paachwe nafasi, kwa sababu intakula, inayopoza hewa iendayo kwenye injini, iko mbele ya rejeta nayo huhitaji upepo.

Mchanganyiko wa yurea, unaouzwa kwa majina kama AdBlue, huganda kwenye nyuzi -11, na hilo limezingatiwa katika ubunifu wake: injini huwaka bila huo, kisha maji ya moto ya injini au umeme hupasha tanki lake. Usilijaze mpaka juu, maana ukiganda hutanuka kwa takriban asilimia 7, na usiuchanganye na kitu chochote cha kuzuia mgando. Breki za upepo si sehemu ya injini, ila kompresa yake huzungushwa na injini na kusukuma hewa yenye unyevu, kwa hiyo kikausha hewa kibadilishiwe kichujio kabla ya majira ya baridi na matanki ya upepo yatolewe maji.

Kuna bomba moja dogo ambalo watu wachache hulikumbuka, nalo ni la kupumulia la sampu. Gesi inayovuja kupitia ringi ina mvuke wa maji mwingi, na bomba linapotokeza nje kwenye upepo, mvuke huo hugeuka barafu mdomoni mwake na kuliziba. Shinikizo hupanda ndani ya injini, na sili ya shafti ya krenki au kijiti cha kupimia oili hurushwa nje. Lifungwe kwa kitambaa kizito cha kuhifadhi joto, na mdomo wake uangaliwe kila asubuhi.

Maji hayo hayo ndiyo sababu ya kutoliwasha kwa dakika tano kila siku lori lililoegeshwa kwa wiki nzima. Kila mara linapowashwa na kuzimwa kabla ya kupata joto, mvuke mwingine hubaki ndani, huchanganyika na oili na kuwa tope la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kutilia oili, na betri hutoa zaidi ya inachorudishiwa na alternata. Betri zikatwe, tanki lijazwe, na siku likiwashwa liendeshwe barabarani likiwa na mzigo kwa nusu saa au zaidi, mpaka oili nayo, ambayo huchelewa nyuma ya kulanti, iwe imepata joto la kuufukuza unyevu.